Njia ya Kuzaliwa na Uzito wa Mtoto: Yaliyothibitika na Yasiyothibitika

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wazazi watarajiwa, wazazi wenye watoto wadogo, na wote wanaowanunulia watoto hao chakula, dawa na virutubisho. Linahusu swali moja: je, mtoto aliyezaliwa kwa upasuaji yumo katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa kupita kiasi kuliko aliyezaliwa kwa njia ya kawaida?

Swali hili likijibiwa vibaya huleta madhara ya aina tatu. Mama anayehitaji upasuaji huweza kuukataa, au kuchelewa kuukubali. Mama aliyekwisha kupasuliwa huweza kubebeshwa lawama isiyo yake kila mtoto wake anapoonekana mnene. Tena, familia huweza kutumia fedha kununua bidhaa inayodai kurekebisha kasoro ambayo haijathibitika kuwapo.

Kwa ufupi, jibu letu ni hili. Tafiti kadhaa zimeona kwamba watoto waliozaliwa kwa upasuaji wana uzito uliopitiliza mara nyingi zaidi kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo, haijathibitika kwamba upasuaji wenyewe ndio unaoleta uzito huo. Sehemu zinazofuata zinaeleza sababu za jibu hilo, na namna msomaji anavyoweza kulitumia anapokutana na tangazo, lebo au ushauri wa jirani.

Tafiti zimeona nini

Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika jimbo la Massachusetts, nchini Marekani, ukijulikana kwa jina la Project Viva. Watafiti waliwafuatilia watoto 1,255 tangu mama zao walipokuwa wajawazito hadi watoto walipotimiza miaka mitatu. Kati ya waliozaliwa kwa upasuaji, asilimia 15.7 walikuwa na unene uliokithiri walipofika umri huo. Kati ya waliozaliwa kwa njia ya kawaida, walikuwa asilimia 7.5. Hata baada ya kuzingatia uzito wa mama na uzito wa mtoto alipozaliwa, tofauti kubwa ilibaki.

Mwaka 2016 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani, mkubwa zaidi, uliohusu watoto 22,068 wa wanawake wauguzi, waliofuatiliwa hadi utu uzima. Huko tofauti ilikuwa ndogo: waliozaliwa kwa upasuaji walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 15. Watafiti hao walikwenda hatua moja zaidi. Waliwalinganisha ndugu wa mama mmoja ambao baadhi yao walizaliwa kwa upasuaji na wengine kwa njia ya kawaida. Hapo pia waliozaliwa kwa upasuaji walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa unene uliokithiri. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa ndugu hao wana mama mmoja na aghalabu hula chungu kimoja.

Kisha, mwaka 2020, ukachapishwa utafiti wa Uswidi. Huu ulitumia kumbukumbu za vijana wa kiume 97,291 waliopimwa afya wakiwa na umri wa miaka 18 hivi, kwa ajili ya kuandikishwa jeshini. Kabla ya kuzingatia mambo mengine, unene uliokithiri ulikuwa asilimia 4.9 kwa waliozaliwa kwa njia ya kawaida, asilimia 5.5 kwa waliozaliwa kwa upasuaji uliopangwa, na asilimia 5.6 kwa waliozaliwa kwa upasuaji usiopangwa. Watafiti walipozingatia uzito aliokuwa nao mama kabla ya ujauzito, pamoja na mambo mengine ya afya na malezi, tofauti hiyo ilitoweka.

Hivyo basi, tunao ushahidi unaoelekea upande mmoja na ushahidi unaoelekea upande wa pili. Anayetaja utafiti mmoja tu na kuuficha mwingine, hata kama kila takwimu aliyoitaja ni ya kweli, hajamweleza mlaji ukweli wote.

Namna ya kusoma maneno “mara mbili”

Matokeo ya Massachusetts yalitangazwa katika vyombo vingi vya habari kwa maneno “hatari mara mbili”. Maneno hayo si ya uongo, kwa kuwa 15.7 ni kama mara mbili ya 7.5. Lakini humfanya msikilizaji aone jambo kubwa kuliko lilivyo.

Tuzihesabu takwimu hizo kwa vichwa vya watoto. Tukiwachukua watoto 100 waliozaliwa kwa upasuaji katika utafiti huo, takriban 16 walikuwa na unene uliokithiri, na 84 hawakuwa nao. Tukiwachukua 100 waliozaliwa kwa njia ya kawaida, wanane hivi walikuwa nao, na 92 hawakuwa nao. Katika makundi yote mawili, walio wengi sana hawakuwa na tatizo hilo.

Tunamshauri msomaji ajizoeze kuuliza swali moja kila anaposikia “mara mbili” au “asilimia 50 zaidi”: zaidi ya ngapi, na kati ya wangapi? Mara mbili ya mtoto mmoja katika elfu ni watoto wawili tu katika elfu. Mara mbili ya watoto 30 katika mia ni watoto 60 katika mia. Maneno ni yale yale, lakini mambo hayalingani hata kidogo.

Mwavuli hauleti matope

Siku ambazo watu wengi hubeba miavuli ndizo siku ambazo barabara za mitaani hujaa matope. Mtu asiyejua mvua angeweza kudhani kwamba miavuli ndiyo inayoleta matope, naye angekuwa na takwimu za kweli za kumuunga mkono. Ukweli ni kwamba mvua huleta yote mawili.

Katika suala letu, mvua hiyo yaweza kuwa uzito wa mama. Mama mwenye uzito uliopitiliza kabla ya ujauzito ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha mimba, shinikizo la juu la damu, na mtoto mkubwa tumboni. Mambo hayo huongeza uwezekano wa kujifungua kwa upasuaji. Mama huyo huyo humrithisha mtoto sehemu ya umbile lake, na mtoto hukulia katika nyumba yenye mazoea yale yale ya kula. Upasuaji na uzito wa mtoto huweza kwenda pamoja bila kimoja kuwa chanzo cha kingine.

Mbona watafiti wasimalize ubishi kwa jaribio, nusu ya akina mama wapasuliwe na nusu wasipasuliwe, kwa kupiga kura? Kwa sababu si halali kumpasua mama asiyehitaji, wala kumnyima upasuaji anayeuhitaji, ili kupima uzito wa mtoto miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo tafiti nyingi za jambo hili hutazama yaliyotokea na kujaribu kuyatenganisha kwa hesabu. Hesabu hizo husaidia sana, lakini haziwezi kuzingatia jambo ambalo halikupimwa.

Hoja ya bakteria wa tumboni

Wanaoamini kwamba upasuaji wenyewe una mchango hutaja bakteria. Mtoto anayepita katika njia ya uzazi hukutana na bakteria wa mama yake. Anayetolewa kwa upasuaji hukutana kwanza na bakteria wa ngozi na wa mazingira ya hospitali. Zaidi ya hayo, mama anayepasuliwa hupewa viuavijasumu ili kuzuia maambukizi ya kidonda na mfuko wa uzazi. Kwa kuwa bakteria wa utumbo hushiriki katika kuvunja chakula, wataalamu wanafikiri huenda tofauti hii ikaathiri uzito.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii ina ushahidi mzuri. Utafiti mdogo wa Venezuela uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha tofauti hiyo kwa watoto 10 waliokuwa wamezaliwa punde. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2019, uliopima kinyesi cha karibu watoto 600, uliithibitisha. Lakini utafiti huo wa Uingereza ulionyesha pia kwamba kufikia umri wa mwaka mmoja tofauti hiyo ilikuwa imepungua sana.

Sehemu ya pili, kwamba tofauti hiyo ya miezi ya mwanzo ndiyo inayomnenepesha mtoto miaka mitatu au kumi baadaye, bado haijathibitishwa kwa binadamu. Katika pengo hili, kati ya linalojulikana na linalodhaniwa, ndipo wauzaji wengi hupata nafasi.

Bidhaa zinazodai “kurudisha bakteria wazuri”

Katika masoko ya dunia zimekwisha kuingia bidhaa zinazowalenga wazazi wa watoto waliozaliwa kwa upasuaji. Zipo za aina tatu ambazo msomaji anaweza kukutana nazo.

Aina ya kwanza ni maziwa ya kopo yaliyoongezwa bakteria hai au sukari maalumu za kulisha bakteria. Baadhi yake huweza kubadilisha bakteria wanaopatikana katika kinyesi cha mtoto. Lakini kubadilisha kinyesi si sawa na kuzuia unene, na muuzaji anayelirukia la pili kutoka la kwanza anadai jambo asilokuwa na ushahidi nalo. Msomaji akumbuke pia kwamba Kanuni ya Kimataifa ya Kudhibiti Uuzaji wa Maziwa Mbadala wa Maziwa ya Mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981, inakataza kuyatangaza maziwa hayo kwa umma. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994 na kuziboresha mwaka 2013. Mhudumu wa afya anayempa mama sampuli ya bure ya kopo kwa sababu amejifungua kwa upasuaji hamsaidii. Mtoto akinyonya kidogo, maziwa ya mama nayo hupungua, na familia hujikuta ikilazimika kununua.

Aina ya pili ni matone au unga wa bakteria hai unaouzwa kama kirutubisho. Kwa mtoto njiti bidhaa hizi zinaweza kuwa za hatari. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kuwapa watoto njiti bidhaa za bakteria hai, baada ya kifo cha mtoto mmoja aliyekuwa amepewa bidhaa ya namna hiyo hospitalini. Mtoto mchanga asipewe bidhaa yoyote ya bakteria hai bila maelekezo ya daktari anayemhudumia.

Aina ya tatu si bidhaa bali ni tendo: kumpaka mtoto majimaji ya ukeni mwa mama mara tu baada ya upasuaji. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilitamka mwaka 2017 kwamba tendo hili lisifanyike nje ya utafiti ulioidhinishwa, kwa kuwa mtoto anaweza kuambukizwa vijidudu vya maradhi ambavyo mama anavyo bila kujua. Tunawasihi wasomaji wasilifanye nyumbani.

Upasuaji ukihitajika, usikataliwe kwa hofu ya unene

Uchungu pingamizi, kondo la nyuma lililoziba njia, mtoto aliyelala vibaya, kifafa cha mimba, au mapigo ya moyo ya mtoto yanayodhoofika: katika hali kama hizi upasuaji huokoa maisha ya mama, ya mtoto, au ya wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba kadiri kiwango cha upasuaji katika nchi kinavyopanda kuelekea asilimia 10 ya uzazi wote, vifo vya akina mama na watoto wachanga hupungua. Kikizidi hapo, hakuna ushahidi kwamba vifo huendelea kupungua kwa sababu hiyo. Nchini Tanzania, tafiti za kitaifa zilionyesha kiwango cha takriban asilimia 2 mwaka 1996 na asilimia 6 mwaka 2015–2016. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi tatizo kubwa lilikuwa mama mwenye shida kuukosa upasuaji.

Upo pia upande wa pili. Mama asiye na sababu ya kitabibu, anayefikiria upasuaji kwa hofu ya uchungu au kwa kupenda kupanga tarehe, ana haki ya kuelezwa madhara yake kabla hajaamua. Kovu la mfuko wa uzazi huongeza hatari ya kondo la nyuma kushika mahali pabaya katika mimba zinazofuata, na hatari ya mfuko huo kuchanika wakati wa uchungu. Hatari hizi zinajulikana vizuri kuliko hii ya unene, nazo ndizo zinazostahili kupimwa katika mazungumzo ya mama, mwenza wake, mkunga na daktari. Uzito wa mtoto miaka kadhaa baadaye haustahili kuwa hoja ya kuamua.

Yaliyo mikononi mwa familia

Mtoto akishazaliwa, njia aliyopitia haibadiliki. Yapo mengine yanayobadilika.

La kwanza ni kunyonyesha. Mama aliyepasuliwa kwa ganzi ya mgongoni huwa macho, na aghalabu anaweza kuwekewa mtoto kifuani na kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza. Aliyepewa nusu kaputi anaweza kuanza mara anapozinduka na kuwa na nguvu za kumshika mtoto. Maumivu ya mshono hupungua akinyonyesha kwa kulala ubavu, au kwa kumshika mtoto chini ya kwapa ili asilalie tumbo. Mtoto apewe maziwa ya kwanza ya manjano, yaani dang'a, kisha maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, na aendelee kunyonya pamoja na chakula cha nyongeza hadi miaka miwili au zaidi.

Hapa inatupasa kutumia mizani ile ile tuliyoitumia kwa wauzaji. Tafiti nyingi zimeona kwamba watoto walionyonyeshwa hunenepa kupita kiasi mara chache zaidi. Lakini jaribio kubwa lililofanyika Belarusi, lililohusu mama na watoto 17,046 na ambalo hospitali zake zilipangwa kwa kura, halikuona kwamba kuhimiza unyonyeshaji kulipunguza unene wa watoto walipofika umri wa miaka 11 na nusu. Liliona kwamba kulipunguza maradhi ya tumbo katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo tunahimiza kunyonyesha kwa sababu zilizothibitika, mojawapo ikiwa kinga dhidi ya kuhara, wala hatumwahidi mama kwamba maziwa yake ni dawa ya unene.

La pili ni vinywaji vyenye sukari. Hapa ushahidi ni imara zaidi, kwa kuwa umetokana na jaribio la kura. Nchini Uholanzi, watoto 641 wenye umri wa kati ya miaka minne na 11 walipewa kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18. Wengine kilichotiwa sukari, wengine kisicho na sukari, bila wao kujua kipi ni kipi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliokunywa chenye sukari waliongezeka wastani wa kilo 7.37, na wenzao kilo 6.35. Tofauti ya kilo moja ilitokana na kikombe kimoja kwa siku. Soda, juisi za paketi na chai yenye sukari nyingi zisiwe kinywaji cha kila siku cha mtoto. Maji safi yanatosha.

La tatu ni kadi ya kliniki. Mtoto apelekwe kupimwa kwa ratiba, awe alizaliwa kwa njia yoyote. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, uzito uliopitiliza hujulikana kwa kulinganisha uzito na urefu wake, si kwa kumtazama mashavu. Mzazi aombe urefu upimwe pia, na amwulize mhudumu mstari wa kadi unaelekea wapi.

Zoezi: soma tangazo hili

Tuchukue mfano wa tangazo tulilolitunga kwa ajili ya somo hili: “Alizaliwa kwa upasuaji? Watoto hawa wako katika hatari mara mbili ya kunenepa. Maziwa yetu hurudisha bakteria wazuri na kumlinda.”

Msomaji alikate tangazo hilo vipande vitatu. “Mara mbili”: zaidi ya ngapi, na mbona utafiti wa Uswidi haukutajwa? “Hurudisha bakteria wazuri”: kwa muda gani, ikiwa tofauti hupungua sana kabla ya mtoto kutimiza mwaka? “Kumlinda”: ni jaribio gani lililowafuatilia watoto waliopewa maziwa hayo hadi ikaonekana kwamba hawakunenepa? Muuzaji asiyeweza kujibu swali la tatu hana haki ya kulitumia neno hilo.

Mambo ya kukumbuka

1. Uhusiano kati ya upasuaji na uzito wa mtoto umeonekana katika baadhi ya tafiti, lakini haujathibitika kuwa ni wa chanzo na matokeo.
2. Upasuaji unaohitajika usikataliwe wala kucheleweshwa kwa hofu ya unene.
3. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hana hatia kwa uzito wa mtoto wake.
4. Hakuna maziwa, matone wala unga uliothibitika kumkinga mtoto wa upasuaji dhidi ya unene.
5. Fedha ya bidhaa hizo hufaa zaidi ikitumika kwa chakula bora cha mama na mtoto.

Msomaji atakayekutana na bidhaa au tangazo lenye madai ya aina hii atoe taarifa kwa ofisi yetu iliyo karibu naye, au kwa afisa afya wa eneo lake. Ahifadhi kopo au pakiti pamoja na lebo yake, aandike namba ya toleo, jina la duka na tarehe ya kununua, na kama ni tangazo, apige picha. Taarifa yenye mambo hayo hutuwezesha kuifuatilia bidhaa hadi kwa mwingizaji au mtengenezaji wake.